Kiangazi kinataka zahanati unayoijua

Upepo wa kaskazi ukishashika, kuanzia Desemba hadi Machi, mwambao wa Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam huingia kwenye fukuto. Jijini Dar es Salaam joto la mchana hucheza kwenye nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 25. Kwa macho namba hizo hazitishi. Ipo miji duniani inayovuka 45. Kinachotuumiza sisi ni unyevu wa bahari unaoliacha jasho mwilini bila kukauka, pamoja na usiku usiotoa nafuu. Huu ndio msimu ambao watoto wanaharisha, wazee wanalalamika kizunguzungu, mafundi wanaishiwa nguvu kabla ya adhuhuri, na karibu kila nyumba ina mtu anayesema mwili hauko sawa. Maji na kivuli ni kinga ya kwanza, na kila mtu anaijua. Kinga ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo hoja yangu: kila familia iwe imeshachagua zahanati au kituo cha afya cha karibu, ijulikane pale, na iende pale mapema, kabla ya kuagiza vidonge dukani na kabla ya kukimbilia hospitali kubwa usiku wa manane. Joto humwadhibu anayebahatisha na humwadhibu anayechelewa, na mazoea yetu ya kutafuta tiba yana mengi ya yote mawili.

Anayesema sisi ni watu wa joto, tumezaliwa nalo, ana nusu ya ukweli. Mwili hulizoea joto. Ndani ya wiki moja au mbili, mtu anayefanya kazi juani huanza kutoka jasho mapema zaidi, jasho lenyewe hupungua chumvi, na moyo hutulia. Lakini mazoea hayo yana ukomo. Jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, mwili unaendelea kumwaga maji na chumvi huku ubaridi haupatikani, na moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kuelekea kwenye ngozi. Kwa kijana mwenye afya huo ni uchovu wa siku moja. Kwa mzee mwenye presha, kwa mjamzito, kwa mtoto wa miezi minane, kwa mtu anayetumia dawa za kukojosha, ni mzigo wa hatari. Hapo hujaweka chumba cha bati kisicho na dari, dirisha dogo lililofungwa kwa kuogopa mbu na vibaka, na feni inayosimama umeme unapokatika. Saa nane za usiku jua limeondoka zamani, lakini kuta za tofali za saruji bado zinatema joto la mchana juu ya kitanda cha watu watatu. Anayelala humo haamki amepumzika, na kesho yake anarudi juani na deni la jana.

Majirani zetu wameshaonja, na wao pia ni watu wa joto. Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima Machi 2024 ikitarajia nyuzi 45, na Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Katika Hijja ya 2024, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wakati kipimajoto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka kilipofika nyuzi 51.8. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo mamia ya Wamisri, ambao hakuna atakayewaambia kwamba hawajui jua. Serikali ya Saudia ilieleza kwamba zaidi ya wanne kati ya kila watano waliofariki walikuwa mahujaji wasio na kibali. Wengi wao walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala pa kupumzika, maana mahema yenye viyoyozi na mabasi yalikuwa ya waliosajiliwa. Sisi hatuna nyuzi 51. Lakini tofauti kati ya hujaji aliyesajiliwa na asiyesajiliwa inatuhusu moja kwa moja: mmoja alikuwa na mahali panapomtambua na kumpokea, mwingine hakuwa napo, na jua lilikuwa lilelile.

Ubahatishaji wetu unaanzia kwenye neno moja linalosemwa kila nyumba: homa. Mtu akipata joto la mwili, kichwa na maungo kuuma, hukumu inatoka palepale sebuleni. Ni malaria. Kama siyo malaria, ni taifodi. Kama siyo taifodi, ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Ushahidi wa nchini mwetu Tanzania unapinga hukumu hiyo kwa nguvu. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mjini Moshi kati ya 2007 na 2008. Zaidi ya asilimia 60 waliandikiwa kuwa wana malaria. Majibu ya maabara yalipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2014, uliwapima watoto 1,005 waliofikishwa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Malaria ilikuwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wa watoto wote walikuwa na virusi, ambavyo antibiotiki haziviwezi. Wapo watakaosema hizo ni takwimu za zamani na za maeneo machache, na ni kweli kwamba mikoa kama Tabora na Mtwara bado ina malaria nyingi. Hilo halidhoofishi hoja. Linaonyesha kwamba jibu hutofautiana mahali na mahali, msimu na msimu, na kwa hiyo halipatikani bila kupima.

Kupima kwenyewe si jambo kubwa. Kile kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika zahanati ni kijiplastiki cha urefu wa kidole. Mhudumu anachoma ncha ya kidole, anaweka tone la damu kwenye tundu moja na matone ya kimiminika kwenye jingine, kisha mnasubiri kama robo saa mistari ijitokeze. Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza tangu 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Robo saa hiyo ndiyo tunayoikwepa tunapokwenda dirishani kwa muuza dawa na kuomba dawa mseto ya malaria, Panadol na kitu cha kuondoa maumivu. Mgonjwa aliyeishiwa maji kwa sababu ya jua anaondoka na dawa ya mbu asiyemuuma. Mwenye nimonia anaondoka na dawa ileile. Na mwenye mkojo uliokolea rangi kwa sababu tangu asubuhi amekunywa kikombe kimoja cha maji anaondoka na antibiotiki ya UTI.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kile kidonge cha maumivu. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019 kwa maelfu ya wagonjwa. Dengi huanza kama malaria inavyoanza: homa kali, kichwa, macho kuuma kwa ndani, viungo kama vimevunjwa. Mgonjwa wa dengi hapaswi kupewa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Paracetamol na maji mengi ndivyo vinavyomfaa, huku akiangaliwa. Hata asiye na dengi, ikiwa mwili wake umekauka maji kwa jasho, dawa hizohizo za maumivu hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo figo zinaihitaji zaidi. Ndizo dawa zinazonunuliwa sana na mabaharia, wabeba mizigo na mafundi ujenzi ili siku ya kazi iishe. Siwalaumu kwa kutaka kufika jioni. Ninachosema ni kwamba mtu anayemeza diklofenaki mchana wa Februari akiwa na kiu anafanya jambo ambalo mhudumu yeyote wa zahanati angemzuia, kama tu angemuuliza maswali mawili: umekunywa nini leo, na umekojoa saa ngapi?

Muuza dawa naye ana haki yake ya kusikilizwa. Duka la dawa liko karibu, liko wazi hadi saa nne usiku, halina foleni, na linauza hata vidonge viwili kwa mwenye fedha ya vidonge viwili. Tanzania iliheshimu ukweli huo ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu, kwa kuanzia na Ruvuma mwaka 2003, ikiwapa watoa dawa mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Ulikuwa uamuzi wa busara, na vijijini umeokoa wengi. Mtoa dawa mwenye mafunzo anayesema "hii siwezi, mpeleke zahanati" ni sehemu ya mfumo ninaoutetea. Lakini duka linaendeshwa kwa mauzo, na mteja anayekwenda na jina la dawa mdomoni hulipata. Duka halina faili lako. Halijui kwamba una presha, kwamba mjukuu wako aliharisha wiki iliyopita, kwamba hiyo ni homa ya tatu tangu Januari. Kwa mafua na kidonda kidogo, sawa. Kwa homa ya msimu wa joto, na hasa ya mtoto, haitoshi.

Kuhara kwa watoto ndiko kunakoonyesha wazi zaidi thamani ya huduma ya karibu. Kiangazi maji ya bomba huja kwa mgao, ndoo hukaa siku nyingi, chakula huchacha haraka, nzi huzaana. Mtoto anaanza kuhara asubuhi, na kufikia jioni macho yameingia ndani, mdomo umekauka, analia bila machozi. Muuguzi humfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ikirudi taratibu, kama kitambaa kilichokunjwa, anajua maji yamepungua kiasi cha kutisha. Tiba ya walio wengi ni pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ndani ya lita moja ya maji safi, mtoto anywe kidogokidogo kwa kijiko, akitapika msubiri dakika kumi na kuendelea, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoelekeza tangu 2004. Pakiti ikikosekana, nyumbani vinatosha vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja, wakati mtoto akipelekwa. Wazazi wengi hawaridhiki na hilo. Wanataka dripu na wanataka Flagyl, na wasipopewa wanaona zahanati haifai kitu. Wanakwenda kulipia dripu mahali pengine, kwa bei ya juu, kwa mtoto ambaye angepona kwa kijiko. Dripu ni ya aliyekauka sana au asiyeweza kunywa. Zahanati inayomkatalia dripu mtoto anayeweza kunywa, ikamweka mama kwenye kona ya ORS na kumwangalia kwa saa nne, inafanya udaktari mzuri, na inastahili kuaminiwa zaidi ya ile inayomtundikia kila anayeingia.

Kuhusu kuchelewa, kuna hali moja ambayo haisubiri hata zahanati, na lazima tuijue sote. Kiharusi cha joto ni pale mwili unapovuka nyuzi 40 na ubongo unaanza kuyumba: mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka, anapata degedege au anazimia. Huwapata wazee walio ndani ya nyumba zisizo na hewa na vijana wanaofanya kazi nzito juani. Panadol haimsaidii, maana joto hili halikuletwa na maambukizi. Anachohitaji ni kupozwa, na kupozwa ndani ya nusu saa ya kwanza: msogezeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, wekeni vitambaa vya maji baridi au barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Asiyejitambua asipewe chochote mdomoni. Kosa la kawaida ni kumpakia kwenye bajaji akiwa bado anaungua na kwenda naye hospitali kubwa katikati ya foleni ya magari ya saa kumi na moja jioni. Mpozeni kwanza, na mwendelee kumpoza njiani. Kwa mgonjwa wa namna hii, kama ilivyo kwa anayetokwa damu, mwenye maumivu ya kifua, au mtoto mwenye degedege, hakuna wa kukwambia uanzie chini. Nenda penye huduma ya dharura iliyo karibu zaidi. Lakini hata kujua ni wapi hapo kunataka mtu awe ameuliza mapema, wakati hakuna anayezimia.

Wenye maradhi ya kudumu ndio wanaofaidika zaidi na kituo kinachowajua. Dawa za presha zinazomkojosha mgonjwa, zilizomfaa Julai, zinaweza kumwangusha Februari anapopoteza maji kwa jasho pia. Dozi yake inapaswa kuangaliwa upya na aliyeiandika, asijipunguzie mwenyewe. Mwenye kisukari anayetumia insulini ana swali la mahali pa kuiweka wakati nyumba haina jokofu. Chungu cha udongo chenye maji kinachopitisha hewa hushusha joto kwa nyuzi kadhaa, na utafiti uliofanyika kwa ushirikiano wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, kwa kuangalia hali ya kambi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyofunguliwa ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hizo ni habari njema ambazo mgonjwa hawezi kuzipata kwenye boksi la dawa. Miaka hii pia Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kilele cha joto la mwambao. Mwenye kisukari au presha anayetaka kufunga anahitaji kuonana na mhudumu wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe na ajue dalili za kufungulia. Mashekhe wengi wamekuwa wakisisitiza kwamba mgonjwa ana ruhusa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa afya wa kumwambia yeye, kwa jina lake, kama anaingia katika ruhusa hiyo.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote. Msomaji atasema: zahanati yetu haina dawa, mhudumu ni mmoja, inafunga alasiri, na lugha ya dirishani inakera. Mara nyingi ni kweli, na nisingependa hoja yangu isimame juu ya kuufunika ukweli huo. Tanzania ilijenga majengo kwa juhudi kubwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yakatangulia, watumishi na dawa vikafuata kwa kusuasua. Serikali ilipovipima vituo vya msingi kwa nyota kuanzia 2015, vilivyofikia nyota tatu vilikuwa vichache mno, na iliyatangaza matokeo hayo wazi. Awamu ya pili ilionyesha vimeongezeka sana. Kwa hiyo vituo hivi hubadilika vinapoangaliwa, na kuvikimbia hakujawahi kukiponya hata kimoja. Zahanati huagiza dawa kwa kuangalia matumizi yaliyoandikwa kwenye leja. Wagonjwa mia wa mtaa wakienda kununua dukani, kwenye vitabu vya zahanati hawakuwahi kuugua, na maombi ya dawa yanakuwa madogo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Hapo ndipo malalamiko ya dirishani yanapaswa kufika, kwa maandishi, yakiwa na tarehe.

Wapo wanaopita zahanati na kwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa wakiamini kwamba jengo kubwa lina tiba kubwa. Kwa upasuaji na ugonjwa mgumu, ndiyo. Kwa mtoto anayeharisha, foleni ya saa tano kwenye ukumbi uliojaa wagonjwa si tiba bora. Ni saa tano za kukauka zaidi. Na kila mwenye homa ya kawaida anayekaa kwenye benchi la hospitali ya rufaa anamchelewesha aliyeletwa hapo kwa sababu hakuna pengine pa kumpeleka. Kenya imeliweka hili kwenye sheria na fedha: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha mfuko wa kugharimia huduma katika vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, ili mgonjwa asilipie mfukoni. Utekelezaji wake una malalamiko mengi, lakini mwelekeo ni sahihi. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka huohuo. Bima ya namna hiyo ina maana kwa mwananchi pale tu mlango wa kwanza unapokuwa karibu na unafanya kazi.

Na mlango huo lazima uwe wazi wakati watu wanaugua. Hili nawadai halmashauri. Joto hufika kileleni mchana, na madhara yake hujitokeza alasiri na usiku wa mapema, saa ambazo zahanati nyingi zimeshafunga huduma za kawaida. Katika miezi minne ya kaskazi, angalau zahanati moja katika kila kata ya mjini ibaki wazi hadi saa mbili usiku. Iwe na kipimajoto kinachofanya kazi, mashine ya presha, vipimo vya malaria, ORS na zinki, tangi la maji, feni, na kona yenye kivuli ambapo aliyezidiwa na jua anaweza kulazwa na kumwagiwa maji. Hakuna kifaa hata kimoja cha bei ya kutisha katika orodha hiyo. Wataalamu watauliza kama kuna mahali jambo la namna hii limefanyika kwenye mji maskini na likazaa matunda. Lipo. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipoteza watu 1,344 zaidi ya kawaida katika joto la Mei 2010. Mwaka 2013 ukaanza mpango wa joto: onyo la hali ya hewa linapelekwa vituoni kabla ya siku mbaya, wahudumu wa vituo vya mitaa wanafundishwa dalili, barafu na maji vinawekwa tayari, saa za kazi za nje zinabadilishwa. Tathmini iliyochapishwa 2018 ilikadiria kwamba mpango huo ulizuia vifo zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tayari inatoa utabiri na tahadhari. Kinachokosekana ni tahadhari hiyo kufika mezani kwa mganga mfawidhi wa zahanati ikiwa na maelekezo ya nini cha kufanya kesho.

Nyumba kwa nyumba, kazi hii ni ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tanzania ilizindua mpango wao Januari 2024 kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kenya ilikuwa imeshawaingiza kazini zaidi ya 100,000 Septemba 2023, wakiwa na mikoba yenye kipimajoto na mashine za kupimia presha na sukari. Hawa ndio wanaojua mzee gani anaishi peke yake chini ya bati, mama gani ana ujauzito wa miezi minane, nani hakuonekana tangu juzi. Kazi ya Novemba iwe kupita kwa watu hao, kuandika majina yao, na kuwaonyesha zahanati yao ni ipi. Familia nayo ina kazi yake ya siku moja ndani ya mwezi huo. Nendeni hakuna anayeumwa. Ulizeni saa za kufungua, nani anabaki zamu ya jioni, wanapima nini hapohapo, wanampeleka wapi aliyezidiwa na kwa usafiri gani. Andikisheni faili za wazee na watoto, mpime presha ya kila aliyevuka miaka 40, muondoke na pakiti mbili za ORS za kuweka kabatini. Namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozwi, iandikwe kwenye simu ya kila mtu mzima, pamoja na 115 kwa nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na mipango ya afya ya mwaka hukusanywa kutoka vituoni miezi kadhaa kabla ya hapo. Feni, tangi na posho ya mhudumu wa jioni wa Desemba visipoandikwa na kamati ya zahanati wakati huo, havitakuwapo kaskazi ijayo. Wajumbe wa kamati hiyo ni majirani zetu, wanafahamika kwa majina. Tuwaulize mwezi huu wameandika nini.